Naomba ushauri: riwaya za kusikiza zenye msomaji mkali, na za Kiswahili za mamangu

abiria_wa_Kitengela
Habarini wadau. Nimeingia kwa hii dunia ya vitabu vya kusikiza na sasa siwezi toka. Natumia Mombasa Road kila asubuhi na wanaojua pale Mlolongo wanajua ukikwama una muda wa kutosha, so badala ya kuskia redio ya dere mimi naweka hedifoni natulia.

Iliyonishika zaidi ni Americanah ya Chimamanda Ngozi Adichie, inasomwa na Adjoa Andoh, inapita masaa 17 na bado nilitaka iendelee. Nilikua nimeisoma kwa karatasi zamani nikaipenda tu kawaida, lakini kusikiza ni kitu ingine kabisa. Ile sehemu Ifemelu, yule dada Mnaijeria mhusika mkuu, amekaa kwa saluni huko Trenton, Marekani, anasukwa, na Aisha yule msusi Msenegali anamsumbua aongee na wanaume wake wawili Waigbo ndio mmoja akubali kumuoa, kwa karatasi nilikua naipitia mbio nifike kwa Obinze, mpenzi wake wa zamani. Kwa masikio nilikaa nayo. Andoh anabadilisha sauti hadi unajua nani ameongea kabla jina litajwe, na Aisha ambaye nilikua nimemuona msumbufu tu nikaanza kumhurumia, juu unaskia ule uchovu na ile haja yake ya kusaidiwa kwa sentensi zake fupi fupi.

Baadaye nikasikiza Homegoing ya Yaa Gyasi, msomaji ni Dominic Hoffman, sauti imetulia vizuri sana ila nilikua napotea, kila sura mtu mpya na kizazi kipya, nashindwa huyu ni mtoto wa nani.

Sasa naomba mambo mawili. Kwanza nisikize nini nikimaliza hizi, nataka msomaji wa hiyo level ya Andoh. Pili, na hii ndio inanisumbua roho, mamangu alikua mwalimu na alipenda riwaya za Kiswahili sana, glakoma imemfanya hawezi soma tena. Kiingereza anaskia lakini anasema hadithi ya kumpumzisha anaitaka kwa Kiswahili. Nimetafuta nikapata vichache sana. Mnafanyaje?

sauti_kwanza
Karibu dada, hapo kwa saluni umenena. Ushauri wangu, tafuta kwa jina la msomaji si kwa jina la kitabu. Ukimpenda mtu mmoja fuata kila kitu amesoma. Jaribu Children of Blood and Bone ya Tomi Adeyemi, imesomwa na Bahni Turpin na ilishinda tuzo ya Audie ya kitabu cha kusikiza cha mwaka 2019. Ni hadithi ya uchawi yenye mizizi ya Kiyoruba, wahusika watatu wanapokezana kusimulia na yeye mmoja anawabeba wote. Na kila mara skiza ile sampuli ya bure kwanza, kama sauti inakukera kwa dakika tano itakukera hadi mwisho.

jirani_wa_Donholm
Turpin sawa kabisa, lakini kuhusu Andoh mimi sikubaliani na nyinyi. Nimefanya kazi na Wanaijeria miaka mingi na hiyo lafudhi yake haifiki, maneno ya Kiigbo ndio kabisa. Ni mwigizaji mzuri wa Uingereza, hilo sipingi, lakini mtu wa Nsukka, huko kwa Waigbo Nigeria, akiskia atajua. Naona hizi hadithi zetu zingepewa wasomaji waliokulia hapo, wapo wengi tu.
Homegoing, kitabu cha karatasi kina mti wa ukoo pale mbele. Uutafute, uweke kwa simu kama picha, ukianza sura unaangalia ni mtu wa upande wa Effia ama wa Esi, wale dada wawili ukoo unaanzia kwao. Itakutoa hapo.

fundi_simu
Pakua ukiwa kwa waifai. Faili ya sauti ya kawaida, ubora wa 64 kbps, inakula kama MB 30 kwa saa, so kitabu cha masaa 17 ni kama MB 500, usicheze na bando. LibriVox, tovuti ya vitabu vya kusikiza, ni ya bure kabisa, wanaosoma ni watu wa kujitolea tangu 2005, lakini ni vitabu vya zamani ambavyo hakimiliki imeisha Marekani na wasomaji hawalingani, wengine moto wengine hapana. Kwa mama, simu ya Android ina sauti ya Google ya kusoma Kiswahili, ukipata kitabu cha kielektroniki itamsomea.

abiria_wa_Kitengela
Asante fundi, hiyo ya Google nilimjaribishia akasema inasoma kama tangazo la benki, haipumui. Jirani, mti wa ukoo nimeshautafuta, Mungu akubariki. Mama amekulia huko Kitale na hadithi za safari ndizo zake, kuna yenye mtu anajua?

mwalimu_wa_fasihi
Kama ni Kitale basi ni Siku Njema ya Ken Walibora, 1996. Kongowea Mswahili anatoka Tanga hadi Kitale akimtafuta baba yake, na anasimulia mwenyewe kwa nafsi ya kwanza kwa hivyo inakubali sana kusomwa kwa sauti. Nunua kitabu, umsomee mama wewe mwenyewe na urekodi abaki nayo ukiwa kazini. Usiogope, ni kwa matumizi ya nyumbani. Na kuna Mkataba wa Marrakesh wa 2013, Kenya iliingia 2017, uliwekwa ndio watu wasioweza kusoma maandishi ya kawaida wapate vitabu kwa njia wanayoweza. Usiisambaze tu mtandaoni.

abiria_wa_Kitengela
Mwalimu sikua nimefikiria hivyo hata kidogo. Shida nyumba yetu ina mwangwi na majirani wana genereta.

sauti_kwanza
Fungua kabati la nguo, keti ukiwa umeelekea ndani, nguo zinameza mwangwi. Simu iwe mbali na mdomo kidogo, pembeni si mbele, ndio pumzi ya herufi P isipige kishindo kwa maiki. Sura moja faili moja. Na usiige mtangazaji, msomee vile ungemsomea akiwa hapo.

abiria_wa_Kitengela
Kesho napitia maduka ya vitabu huko tao kukitafuta. Nikimaliza sura ya kwanza nitarudi kuwaambia amesemaje.