Yellowstone na familia ya watu sita: ninunue trela la mtumba, nikodi gari-nyumba, au mahema yanatosha?

BabaNeema_MN
Wakuu habari zenu. Niko Brooklyn Park, Minnesota. Watoto nimewaahidi hifadhi ya Yellowstone, tupitie ile ya Badlands wakati wa kwenda na tumalizie ya Grand Teton. Jirani yangu anauza trela la kulala la futi 26, lina vitanda vya ghorofa kwa nyuma, jiko, choo na bafu. Anataka jibu kabla ya Ijumaa kwa sababu kuna mtu mwingine analiulizia. Mke wangu anaona tukodi gari-nyumba, yale ambayo usukani, jiko na vitanda viko chombo kimoja, tukimaliza turudishe. Mdogo wangu anasema tunajisumbua, tubebe mahema. Mliowahi kusafiri hivyo na familia, naombeni mwongozo. Lipi lina unafuu?

FundiWaMagari
Mkuu, trela umelieleza hadi bafu lake, gari la kulivuta hujalitaja. Gari gani, la mwaka gani, injini ipi? Trela lina uzito kiasi gani? Mko wangapi na umri gani? Bila hayo mtu atakushauri kwa kubahatisha, na hapa ni roho za watoto.

DadaRukia
Ongeza na mwezi. Na nafasi za kambi mmeshashika? Kambi kubwa za Yellowstone zinafunguliwa kushikwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, na Julai hujaa mapema sana. Wengi wananunua trela kwanza, mahali pa kuliegesha wanapatafuta baadaye.

BabaNeema_MN
Asanteni. Gari ni Toyota Highlander ya 2017. Trela jirani anasema ni paundi 5,200. Tuko sita: mimi na mke wangu, watoto watatu (wa katikati ndiyo anamaliza darasa la nne, wa mwisho ana miaka mitano), na mama yangu anayekuja kututembelea kutoka Moshi. Tunafikiria Julai. Nafasi bado hatujashika.

FundiWaMagari
Basi sikiliza, kaka. Highlander ya mwaka huo yenye injini ya V6 na vifaa vya kuvutia kutoka kiwandani inaruhusiwa kuvuta paundi 5,000. Ya silinda nne ni paundi 1,500 tu. Trela la jirani limeshapita kabla hujaweka hata sufuria. Na hiyo 5,200 karibu kila muuzaji huitaja likiwa tupu. Weka maji galoni 40, hapo ni zaidi ya paundi 330. Weka mitungi ya gesi, betri, matandiko, chakula cha watu sita.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawaliangalii kabisa. Fungua mlango wa dereva, kuna stika inayosema jumla ya watu na mizigo isizidi paundi kadhaa. Uzito unaokandamiza ndoano ya nyuma unahesabiwa humo humo, na kwa trela la namna hii huwa ni kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela zima. Trela la paundi 5,000 linakukalia paundi 500 hadi 750 mgongoni. Ongeza watu sita. Piga hesabu mwenyewe.

Usiseme utapunguza uzito wa mbele kwa kuhamishia mizigo nyuma ya trela. Trela lenye mkia mzito huanza kuyumba kushoto na kulia, na Dakota Kusini ile barabara kuu ya I-90 ina upepo wa ubavuni unaosukuma hata malori. Likishaanza kuyumba kwa nguvu, gari dogo halina uwezo wa kulirudisha.

Ukitaka trela kwa gari hilo, tafuta dogo lisilozidi paundi 3,500 likiwa limepakiwa, futi 16 hadi 18, lenye breki zake za umeme, nawe ufunge kidhibiti cha breki karibu na usukani. Mimi navuta langu kwa pikapu kubwa ya Toyota, Tundra, na sibadilishi na gari-nyumba la mtu yeyote. Ukifika kambini unalitenganisha, unaliacha, unazunguka hifadhini na gari lako.

KivuIowa
Ndugu zangu, salamu kutoka Des Moines. Mimi nasimama na mdogo wako. Mahema mawili makubwa, magodoro ya upepo, jiko la gesi la sahani mbili. Familia yetu ni kubwa kuliko yako na tunalala hivyo kila kiangazi. Hakuna breki ya kufikiria, hakuna choo cha kumwaga, na pesa inayobaki inalipa petroli na chakula. Watoto wanasikia usiku, wanaona nyota. Mtu akilala ndani ya sanduku lenye kiyoyozi, ametoka nyumbani kweli?

DadaRukia
Kaka wa Kivu, nakuheshimu, lakini hapo kuna bibi aliyetoka Moshi na mtoto wa miaka mitano. Yellowstone sehemu kubwa iko juu ya mita 2,000, na kule ziwani ni karibu 2,400. Usiku wa Julai baridi inaweza kufika kiwango cha kugandisha maji. Bibi ataamka saa nane za usiku kutafuta choo gizani, kwenye nchi ya dubu?

Mimi ni wa gari-nyumba. Huhitaji kuvuta chochote, leseni ya kawaida inatosha kwa haya ya kukodi, watoto wanafunga mikanda mezani. Wakiwa kwenye trela hawawezi kukaa humo mkiwa njiani, majimbo mengi yanakataza, kwa hiyo wote sita mtabanana kwenye Highlander zaidi ya maili 900.

FundiWaMagari
Dada, mwambie na upande wa pili. Gari-nyumba la futi 25 linakula galoni moja kwa maili nane hadi kumi. Wakodishaji wengi wanahesabu maili, kila moja ina bei yake. Na kila asubuhi mkitaka kwenda kuona Old Faithful, ile chemchemi inayorusha maji moto juu, nyumba nzima inaondoka: vyombo vifungwe, bomba la maji litolewe, waya wa umeme uchomolewe. Mkifika, maegesho ya magari marefu yamejaa.

DadaRukia
Sikatai. Ndiyo maana nasema waende mapema, saa moja asubuhi wawe barabarani. Na hata la kwako lina adha yake kwenye petroli.

MamaKisii
Hamjambo. Niko karibu na Dallas. Mimi naomba BabaNeema asome hili polepole, kwa sababu kila mtu anaongea uzito na hakuna aliyetaja matairi.

Tulikodi trela kwa mtu binafsi kupitia mtandao. Mwenye trela simtaji. Picha zilikuwa nzuri sana, ndani kumepakwa rangi mpya, mapazia, mito. Alituonyesha jinsi ya kuwasha jiko, jinsi ya kufungua kivuli cha nje, akaondoka. Mume wangu alibonyeza matairi akaona yana upepo, meno yamejaa kama mapya.

Tukiwa Dakota Kusini, tumeshapita mto Missouri, jua la saa tisa mchana, nikasikia mlio kama bomu. Trela likavuta upande wa kulia. Mume wangu hakukanyaga breki kwa ghafla, alishika usukani kwa mikono yote miwili akaachia mafuta mpaka tukasimama kando. Tairi lilikuwa limefumuka, lile gamba la nje limejipiga kwenye sakafu ya trela hadi likakata bomba la maji machafu. Maji ya kuoshea vyombo yanamwagika barabarani, watoto wanalia, malori yanapita hapo hapo karibu na trela linatikisika. Spea ilikuwepo, lakini haikuwa na upepo. Jeki ya gari letu ilikuwa fupi, haikulifikia trela. Tulikaa pale mpaka jioni kumsubiri mtu wa kuvuta magari.

Yule fundi mzee ndiye alitufundisha. Kwenye ubavu wa tairi kuna herufi DOT, na mwishoni tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yale yalikuwa yametengenezwa zaidi ya miaka kumi nyuma. Trela linakaa uani likipigwa na jua, meno hayaliki kwa sababu halitembei, lakini mpira unakufa ndani kwa ndani. Akatuambia pia matairi mengi ya trela yameundiwa mwendo usiozidi maili 65 kwa saa, hata kama kibao cha barabara kinaruhusu 80. Tulipomuuliza mwenye trela, akasema sisi ndio tulikimbiza, akakata amana yetu.

Kwa hiyo la jirani, la kukodi, lolote: soma tarakimu hizo kwanza. Mapazia baadaye.

FundiWaMagari
Pole sana mama. Na mzee alisema kweli tupu. Mimi nabadilisha matairi ya trela kwa umri, siangalii meno.

Wa_Denver
Naongezea njia. Mkitoka Badlands kwenda Yellowstone kupitia Cody, mtaikuta milima ya Bighorn. Ramani ya simu inaweza kuwapeleka barabara ya US 14A, ile inayoshuka kuelekea Lovell. Usiiguse ukiwa unavuta kitu au unaendesha gari-nyumba, mteremko ule unafika asilimia 10 na breki zinatoa moshi. Chukua US 16 kutoka Buffalo kupitia Ten Sleep, mwinuko wake ni wa taratibu. Na usipite njia ya mlimani ya Teton Pass kutoka upande wa Idaho, nayo ni asilimia 10. Mkitoka Yellowstone shukeni tu kusini, Grand Teton ni majirani.

Mkitamani kuongeza hifadhi ya Glacier, jueni barabara ya Going-to-the-Sun hairuhusu chombo kinachozidi futi 21 katika sehemu ya juu, trela likihesabiwa pamoja na gari.

BabaNeema_MN
Mama Kisii pole kwa yaliyowakuta, na asante. Nimemwonyesha mke wangu. Sasa naona trela la jirani ni kubwa kwa gari letu. Je, nikipata dogo la watu wanne, vijana wawili wakalala kwenye hema pembeni?

DadaRukia
Inawezekana, ila chagua kambi. Ndani ya Yellowstone kambi pekee yenye maji, umeme na bomba la maji machafu kwenye kila nafasi ni Fishing Bridge, na pale hema ni marufuku, hata yale matrela yenye kuta za turubai. Sababu ni dubu, wale wakubwa wanaoitwa grizzly. Kwa mpango wako wa trela na hema jaribuni Madison au Grant Village. Huko hakuna umeme. Jenereta inawashwa mchana tu, saa mbili asubuhi hadi saa mbili usiku. Kama mama anatumia mashine yoyote ya umeme usiku, tuambie.

Nafasi zikiwa zimejaa msikate tamaa, watu huahirisha. Chungulia mtandao kila siku. La sivyo lala nje ya lango, West Yellowstone au Gardiner.

KivuIowa
Mnaona? Hema limerudi mlangoni.

Wa_Denver
Kuhusu pesa ya kuingia. Mtoto wa darasa la nne anapata pasi ya bure, programu inaitwa Every Kid Outdoors, na inafanya kazi hadi tarehe 31 Agosti, kwa hiyo Julai bado iko hai. Ichapishe kwenye karatasi. Lakini mama ni mgeni. Tangu Januari 2026 Yellowstone na Grand Teton ziko kwenye orodha ya hifadhi 11 ambapo asiye mkazi wa miaka 16 na kuendelea anatozwa dola 100 za ziada, kila hifadhi. Pasi ya mwaka ya asiye mkazi ni dola 250, ya mkazi ni dola 80. Weka hilo kwenye bajeti, na nyie bebeni vitambulisho vyenu.

MtembeziArusha
Shikamooni wakubwa. Nimesoma mpaka hapa nikastaajabu. Mama anatoka Moshi, Serengeti iko hapo, imekuwa hifadhi tangu 1951, na Mtanzania analipia kwa shilingi. Kambi za umma za Seronera hazina uzio, fisi wanapita usiku katikati ya mahema. Kambi ya Simba pale ukingoni mwa Ngorongoro tembo wanakuja kunywa maji ya tangi. Kwa nini mama apande ndege kwenda kuangalia nyati wa Marekani?

BabaNeema_MN
Marahaba mdogo wangu. Mama anakuja kuwaona wajukuu, hifadhi ni nyongeza. Na yeye mwenyewe kaomba aone maji ya moto yanayoruka kutoka ardhini.

DadaRukia
Mwacheni mama aone. Watoto mwashike mikono kwenye zile njia za mbao, ardhi ya pembeni ni gamba jembamba na chini yake maji yanachemka. Na nyati wale msiwakaribie chini ya yadi 25, dubu na mbwa mwitu yadi 100.

KivuIowa
Swali la jiko. Nyama choma inaruhusiwa? Na samaki wakavu wetu?

Wa_Denver
Choma, ila usiache kitu nje hata dakika tano. Jokofu la mkono, mafuta ya kupikia, sufuria chafu, hata dawa ya meno, vyote ndani ya gari lililofungwa au kwenye sanduku la chuma la kambini. Kuni msibebe kutoka Minnesota, kuna mdudu anayeua miti ya ashi anayesafiri kwenye kuni. Nunueni huko huko.

Maharage pikeni nyumbani kabisa mgandishe. Kwa urefu ule maji yanachemka kwenye nyuzi kama 92, mtachoma mtungi mzima wa gesi na makande bado magumu.

MamaKisii
Samaki wakavu na dagaa wapikwe Badlands, waliwe waishe huko. Msiingie nao Yellowstone.

FundiWaMagari
BabaNeema, bado hujajibu injini ni ipi, na stika ya mlangoni imeandikwa paundi ngapi. Piga picha uiweke hapa kabla hujaenda kuangalia trela lingine.