Waya namba 42 unajaza bobini ya pikapu ya gitaa kabla mizunguko haijatimia, shida nini?

Mpiga_Besi_Nkuhungu: Wakuu habari za jioni. Gitaa la kwaya yetu hapa Dodoma pikapu moja (kile kidude cha sumaku na koili kinachonasa sauti ya nyuzi) imekufa, mita inaonyesha waya umekatika ndani kwa ndani, nikaona niisuke mwenyewe home. Nilisoma inataka waya namba 42 mizunguko kama 8,000, nikaenda town nikaulizia 42 nikapewa. Sasa ikifika 3,000 hivi bobini, yaani kigurudumu cha kuviringishia waya, imeshajaa mpaka waya unamwagika pembeni, na unakatikakatika ovyo. Nazungushia drili. Msaada tafadhali.

fundi_mota: Mkuu hiyo uliyopewa ni 42 ya Kiingereza, SWG, ndo wasuka mota wengi tunayoijua, unene milimita 0.1. Watu wa pikapu wanaongelea 42 ya Kimarekani, AWG, hiyo ni 0.063 tu. Hapo nafasi inaliwa mara mbili na nusu, lazima uishie 3,000. Kwa SWG tafuta 46. Dukani taja milimita achana na namba, na kama humwamini muuzaji viringisha mizunguko 50 kwenye penseli ibanane, pima na rula: wa kwako sahihi unakaa mil 3 na nusu hivi pamoja na vanishi inayoufunika.

ZuzuStesheni: Kukatika je? Rili usiiache izunguke, drili ikianza au ikisimama inaushtua waya unakatika. Isimamishe wima chini waya utokee juu, upitishe kwenye kitambaa laini katikati ya vidole, drili iende polepole. Kingo za bobini zipige msasa. Na funga madirisha bana, vumbi letu hili unalijua, chembe moja ya mchanga kwenye kitambaa inakwangua vanishi yote.

Mpiga_Besi_Nkuhungu: Aisee nimepima, imezidi mil 5! Ahsanteni sana. Ncha nikwangue vanishi na wembe?

fundi_mota: Wembe utaikata boss. Waya mwembamba vanishi yake mara nyingi inaungua yenyewe, chovya ncha kwenye tone la risasi ya kulehemu ikiwa moto haswa. Ikigoma, msasa laini, taratibu. Ukimaliza weka mita, kwa single koili (pikapu ya koili moja) ikisoma kilo-omu 6 hivi uko poa.

Hiyo 0.1 usiitupe, njoo PM tuongee bei, nina koili ya relei hapa inaisubiri.