Mrejesho: protini za tumbaku yenye kadimiamu

Wakuu, habari za siku. Niliuliza kwa nini protini za miche yangu ya tumbaku niliyoimwagilia kadimiamu (metali yenye sumu) hazionekani vizuri kwenye jeli, ile inayozitenganisha kwa ukubwa zikawa mistari. Hakukuwa na mistari, ukungu mtupu.

Aliyesema tatizo ni jani lenyewe alipatia. Jani la tumbaku limejaa fenoli, aina ya kemikali za mmea, na ukilisaga tu zinang'ang'ania protini. Nimezigandisha protini kwa asidi ya trikloroasetiki ndani ya asetoni baridi, nikasuuza mpaka kijani kikaisha. Sasa mistari inasomeka, na mmoja umenenepa kwenye miche yenye kadimiamu. Ni protini gani? Jeli peke yake haisemi.

Hoja mliyotoa, kwamba huenda ni fitokelatini (vipande vifupi kama protini ambavyo mmea hutengeneza kunasa metali), ndiyo iliyoninyima usingizi. Hizi hazitengenezwi kwa kusoma jeni moja kwa moja kama protini nyingine. Kimeng'enya huziunga kutoka kwenye glutathioni (molekuli ndogo ya seli), salfa ya sisteini, asidi amino iliyomo, inaikamata kadimiamu, kisha mzigo unafungiwa ndani ya vakuoli, mfuko wa kuhifadhia ulio ndani ya seli, usidhuru seli. Ila ni fupi mno, kwenye jeli ya kawaida zinapita hadi chini na kupotea. Zinataka kromatografia, yaani kuzitenganisha kwa kuzipitisha na kimiminika kwenye safu maalumu.

Mzee wangu, mkulima wa Urambo huku Tabora, kauliza kama shamba lake lina kadimiamu. Swali la maana, maana tumbaku hupandisha kadimiamu majanini kuliko mimea mingi, na mbolea za fosfeti huwa nayo. Sampuli zake ndizo zinazofuata.

Mwenye utaratibu mzuri wa kukamua fitokelatini kwenye mizizi, naomba anisaidie.