Gavana wa Marekani akipandisha kodi ndio keshajimaliza?

BintiTunguu

Assalaam aleikum. Mie ni mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa Tunguu. Mwalimu katupa kazi ya kueleza vipi bajeti na kodi humjenga au humbomoa gavana wa jimbo kule Marekani. Imenibidi kwanza nimfahamishe mama kuwa jimbo lao silo kama jimbo letu la uchaguzi: lina katiba yake, mabaraza yake ya kutunga sheria na kodi zake. Na gavana si kama mkuu wa mkoa wetu anayeteuliwa na Rais, yule hupigiwa kura.

Kila ninachosoma kinasema gavana akipandisha kodi huanguka. Halafu nakuta wa Kansas alipunguza na akachukiwa vile vile. Hapo ndipo ninapokwama. Kama kuna aliyeishi huko, nambieni mlichokiona.

KidukaDarajani

Mbona jepesi hilo. Hakuna anayependa kutolewa mfukoni. Mtazame Gray Davis wa California. Alichaguliwa tena Novemba 2002, bajeti ikawa na shimo la dola bilioni 38, ada ya magari ikapanda mara tatu, na Oktoba 2003 wananchi wakapiga kura ya kumuondoa kabla ya muda wake. Arnold Schwarzenegger, aliyechaguliwa badala yake, alipoapishwa, siku ile ile akaifuta nyongeza ya magari. Andika hivyo, alama utapata.

BabuWete

Waaleikum salaam mjukuu wangu. Aliyosema mwenzangu ni kweli, ila hayajatosha. Mwaka 1990 mie nilikuwa keshia kwenye duka la vyakula New Jersey, na kodi iliyomuangusha gavana wa huko nimeikusanya kwa mikono yangu, senti kwa senti.

Gavana alikuwa Jim Florio, wa chama cha Democrat. Uchaguzi wa 1989 aliushinda kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura, na katika kampeni alisema haoni haja ya kodi mpya. Shika hapo. Kuingia ofisini, bajeti ina shimo, na majimbo takriban yote ya kule yanabanwa na sheria yasawazishe bajeti zao. Gavana hawezi kuishi kwa kukopa kama serikali kuu ya Washington. Juu yake mahakama ikaamua kuwa skuli za miji masikini zinapunjwa. Basi akapitisha nyongeza ya kodi ya dola bilioni 2.8 kwa mkupuo mmoja. Kodi ya mauzo ikatoka asilimia 6 ikawa 7, na ikaingizwa kwenye vitu ambavyo havikuwa vikitozwa, karatasi za chooni zikiwemo.

Sasa nisikilize. Ndani ya mkupuo ule mlikuwa na kodi ya mapato pia. Wenye kipato kikubwa kiwango chao kilipanda kutoka asilimia 3.5 hadi 7. Lakini kwenye keshi yangu hakuja hata mtu mmoja kugombana kwa kodi ya mapato. Walikuja na karatasi za chooni. Kulikuwa na bibi mmoja, kila Jumamosi hunisalimia na kuniuliza khabari za mama yangu Pemba. Siku ile aliisukuma pakiti mbele yangu, akasema juzi hii haikuwa na kodi. Alikuwa kahesabu sarafu zake nyumbani kabla ya kutoka, na zikapelea. Nikamtilia zangu. Mpaka leo nikikumbuka uso wake naona uchungu, kwa sababu sehemu ya pesa za mkupuo ule ilikuwa iende skuli, na skuli za mtaani kwake zilikuwa zinazihitaji kweli kweli. Yeye hakuna aliyemfahamisha.

Mwaka 1991 wapinzani wakayachukua mabaraza yote mawili, tena kwa wingi wa kuweza kuipindua turufu ya gavana, yaani uwezo wake wa kuukataa mswada. Mwaka 1992 kodi ya mauzo ikarudishwa 6. Mwaka 1993 Florio akaangushwa na Christine Todd Whitman, aliyeahidi kupunguza kodi ya mapato kwa asilimia 30. Lakini pengo lao lilikuwa kiasi cha asilimia moja tu! Miaka mitatu nyuma ungeniambia mtu huyu atakaribia kushinda, nisingekuamini.

BintiTunguu

Ahsante sana babu. Kwa hiyo watu huchukizwa na kodi wanayoiona kwenye risiti kuliko kodi yenyewe? Na Kansas?

BabuWete

Risiti ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni kuwa hakuwaambia kabla. Linganisha na Jerry Brown wa California. Mwaka 2012 aliwapelekea wananchi wenyewe kura ya kupandisha kodi ya mauzo na ya wenye mapato makubwa, akawaeleza kuwa bila ya hizo skuli zitakatwa fedha. Wakaikubali, na 2014 wakamrudisha madarakani. Hiyo ni California ile ile iliyomuondoa Davis, KidukaDarajani.

Kansas nimeifuata kwa kusoma tu, sijafika. Gavana wake, Sam Brownback, alipunguza kodi ya mapato mwaka 2012, na wenye biashara ndogo ndogo wengi wakasamehewa kabisa. Aliahidi uchumi utanyanyuka. Mapato ya jimbo yakaporomoka, na mwaka 2015 baadhi ya wilaya zikafunga skuli mapema kuliko kalenda. Mzazi aliyebaki na watoto nyumbani wiki nzima na yeye ana kazi hakumbuki tena alichopunguziwa. Alipata muhula wa pili kwa tabu mwaka 2014, na mwaka 2017 wabunge wa chama chake wenyewe wakaungana na wapinzani wakaipindua turufu yake na kuzirudisha kodi.

KidukaDarajani

Nimekubali kwa Brown, sikuwa nimeiweka hivyo. Lakini Whitman je? Alitimiza ahadi, alipunguza kweli. Huyo si alipendwa?

BabuWete

Alitimiza, na kabla ya muda aliousema. Lakini kule kuna kodi ya nyumba na ardhi, nayo hupangwa na miji na bodi za skuli, si gavana. Ikaendelea kupanda, na watu wakamhisabia yeye. Nami nilikuwa nimeshanunua kijumba changu wakati huo. Nilichopunguziwa kwenye mshahara nilikiona kinatoka tena kwenye bili ya nyumba. Mwaka 1997 Whitman akagombea tena, mpinzani wake akaishikilia kodi hiyo na bima ya magari kampeni nzima, na Whitman akapona kwa kiasi cha asilimia moja, pengo lile lile alilomuangushia Florio.