Hasara ya nakala haramu: hizi hesabu zasimama mahakamani kweli?

Mwana_Langoni
Asalaam aleikum. Nna kibanda hapa Amu (Lamu), mtaa wa Langoni, cha fotokopi na kujazia watu filamu kwenye flashi, shilingi 20 moja. Juzi mwalimu mmoja kanionyesha habari ya mama wa Marekani aliyetozwa dola 222,000 kwa nyimbo 24 alizogawa mtandaoni bila idhini. Tangu siku hiyo silali vyema. Wenye filamu wasema kila nakala ni tikiti iliyoibwa. Lakini wateja wangu ni mabaharia na vijana wa Matondoni. Nani kati yao angevuka bahari hadi Mokowe, apande basi mpaka Mombasa kukata tikiti? Hasara hiyo yahesabiwaje, na mahakama yaikubali?

Karani_Malindi
Waaleikum salaam kaka. Nimefanya kazi ya ukarani mahakamani miaka mingi. Usichanganye kushinda kesi na kuthibitisha hasara.

Huyo mama ni Jammie Thomas-Rasset wa Minnesota. Jopo la kwanza la raia waamuzi, 2007, lilisema dola 222,000. La pili, 2009, milioni 1.92. La tatu, 2010, milioni 1.5. Nyimbo ni zile zile 24! Jaji akashusha hadi 54,000, kisha rufani ya 2012 ikarudisha 222,000. Hasara ya kweli haiwezi kupanda na kushuka hivyo. Siri ni kwamba sheria ya kule humruhusu mdai kuchagua fidia iliyopangwa, dola 750 hadi 30,000 kwa kila kazi, na hadi 150,000 ukivunja makusudi. Hatakiwi kuonyesha hata senti aliyopoteza. Kwa hiyo kesi husimama hata hesabu ikiwa haina miguu.

Na nyingi hazina. Chama cha studio za filamu kilidai wanafunzi wa vyuo ndio chanzo cha asilimia 44 ya hasara yake Marekani. Januari 2008 kikakiri kimekosea, ni kama 15. Mwaka 2010 ofisi ya ukaguzi ya bunge lao ikafuatilia makadirio matatu ya hasara yaliyonukuliwa sana, isiweze kufika kwenye takwimu zilizoyazaa. Katika kesi ya LimeWire, programu ya kugawana nyimbo mtandaoni, njia ya hesabu ya kampuni za muziki ingefikisha matrilioni ya dola. Jaji Kimba Wood akaikataa, wakapatana kwa milioni 105.

Lakini usijifariji. Kwa Sheria ya Hakimiliki yetu ya 2001, kutoa nakala za kuuza bila idhini ni kosa. Kusema mteja hana nauli ya Mombasa hakutakuokoa.

Binti_wa_Udi
Kaka wa Langoni, hao wa Hollywood bishaneni nao. Marehemu baba alipiga udi harusini, hapa Malindi mpaka Mambrui. Alikopa akarekodi kaseti. Haikutimia mwezi, nakala zikawa zauzwa sokoni nusu bei. Wanunuzi walikuwa ni wale wale ambao wangenunua kwake, maana walimjua kwa jina. Katoni mbili zilibaki chini ya kitanda, na deni alilipa miaka mitatu. Hasara hiyo yahesabika kwa vidole, na hakuna aliyemfungulia mtu kesi.

Mwana_Langoni
Dada, Mungu amrehemu. Nyimbo za waimbaji wa pwani nimezifuta kwenye kompyuta usiku huu, zote. Filamu nakaa na mke wangu tuone kama fotokopi peke yake yatosha kodi. Zile kaseti zipo bado? Nna mzee Shela mwenye redio ya kaseti, atalipa bei kamili.