Bolti za tairi za Mercedes ya zamani: jinsi ya kuzirudishia rangi ilingane na rimu za aloi

MkaziWaRaskazone

Assalaam alaykum ndugu zangu. Ninayo Mercedes 230E ya mwaka 1983, toleo la W123, yenye rimu za aloi za inchi 14 zilizofuliwa na kiwanda cha Otto Fuchs cha Ujerumani, zile ambazo katikati zina kifuniko kidogo chenye nyota na bolti zote tano hubaki wazi. Rimu zimepakwa upya rangi ya fedha na fundi wa hapa hapa Tanga, na kazi yake sina la kuilaumu. Tatizo ni vichwa vya bolti, ambavyo havikuwa vikionekana vibaya wakati rimu zenyewe zilikuwa zimechakaa. Sasa vimekaa pale na kutu yake ya kahawia, na mvua ikinyesha kutu hiyo huchuruzika na kuacha michirizi juu ya rangi mpya. Nyumba yangu iko karibu na bahari, kwa hiyo upepo wa chumvi ni wa usiku na mchana.

Nimeshauriwa mambo matatu: kuzipuliza rangi ileile ya rimu, kuzichovya kwenye zinki ya moto kama yanavyofanywa mabomba ya maji, au kuzitupa na kutafuta bolti za chuma kisichoshika kutu. Naomba mnieleze ni njia ipi itakayonipa sura ninayoitaka bila kunihatarisha barabarani.

FundiNgamiani

Wa alaykum salaam kaka. Kabla ya rangi, tuanze na kazi inayofanywa na bolti hiyo, kwa sababu hapo ndipo mafundi wengi waliokulia kwenye Toyota hupotea. Toyota ina stadi, yaani vijiti vya chuma, zilizosimama kwenye habu (kitovu kinachoshika gurudumu), na nati ndizo hufungwa kwa nje. Mercedes yako haina stadi. Bolti yenyewe hupenya rimu na kuingia kwenye habu, na shingo yake iliyo chini ya kichwa imechongwa kwa mviringo wa tufe ili ikae sawasawa ndani ya tundu la rimu. Unapoikaza, bolti huvutika na kurefuka kwa kiasi kidogo sana, na ule mvuto wake wa kutaka kurudi katika urefu wake ndio unaoibana rimu kwenye habu. Ukipaka rangi kwenye shingo, rangi hiyo itasagika na kukandamizwa kadiri gari linavyotembea, na ingawa unene unaopotea ni mdogo, kurefuka kwa bolti nako ni kudogo vivyo hivyo, kwa hiyo mvuto hupungua na bolti hulegea bila mtu yeyote kuigusa.

Rangi, basi, ni ya kichwa peke yake. Shingo na hesi (ile mizunguko ya skrubu) zisafishwe kwa brashi ya waya na ziachwe bila rangi.

Fanya gurudumu moja kwa wakati, gari likiwa limekaa juu ya stendi na si juu ya jeki tupu. Osha bolti kwa thina hadi mafuta yote yatoke, piga vichwa brashi kisha msasa mpaka kutu iishe kwenye pembe na kwenye mzingo wa chini ya kichwa, ambako ndiko huanza tena. Chukua ubao, utoboe matundu, zungushia shingo na hesi utepe wa karatasi wanaotumia mafundi rangi, kisha simamisha bolti humo vichwa vikiwa juu. Kama kichwani kumebaki zinki, usipulize praima (rangi ya kwanza ya kushikia) ya kawaida, kwa maana rangi haishiki vizuri juu ya zinki na itabanduka kama ganda. Tafuta praima iliyokusudiwa zinki na alumini. Baada ya hapo puliza rangi ya fedha mara mbili au tatu, nyembamba nyembamba, na klia, ile rangi angavu ya kinga, juu yake. Epuka siku yenye unyevu mwingi, kwani rangi ya kopo inaweza kupauka na kuwa na ukungu mweupe inapokauka, na Tanga wakati wa masika siku za aina hiyo hazitafutwi. Ukichagua klia ya kuchanganya na hadina (dawa ya kuigandisha), vaa barakoa yenye vichujio halisi vya kemikali, wala si kitambaa, kwa sababu mvuke wa hadina hudhuru mapafu. Acha bolti zikae hadi rangi ikomae kabisa. Rangi ambayo kidole kinaiona kavu bado ni laini mbele ya soketi.

BotiNaBahari

Kaka Fundi, maelezo yako ni mazuri, lakini mimi nashughulika na boti na naona mnajisumbua. Rangi juu ya chuma cha kawaida hapa mwambao haina maisha marefu. Kwenye boti tunatumia chuma kisichoshika kutu, inang'aa miaka na miaka, na rangi yake ya asili haiko mbali na ya rimu hizo. Kwa nini mwenzetu asinunue bolti za aina hiyo akamaliza shughuli?

MzeeWaGofu

Ndugu wa boti, hoja yako ina mantiki majini, lakini kwenye gurudumu haifai. Bolti ya tairi huwa na alama kichwani, kwa kawaida 8.8 au 10.9. Namba ya kwanza ikizidishwa kwa 100 hukupa nguvu ya kuvutwa hadi kukatika kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba, na ya pili huonyesha ni sehemu gani ya nguvu hiyo bolti huvumilia kabla ya kurefuka bila kurudi tena: 8.8 ni takribani 800 na asilimia 80 yake, yaani 640. Bolti za kawaida za chuma kisichoshika kutu, ambazo mtu huzipata madukani zikiwa na alama ya A2-70, hukatika kwenye 700, na huanza kurefuka bila kurudi kwenye 450 tu. Isitoshe, hesi zake zina tabia ya kung'ang'aniana zinapokazwa kwa nguvu, na ikitokea hivyo ndani ya habu utalazimika kuikata. Tena duka la vifaa vya boti halitakupa shingo ya tufe, na bolti yenye shingo ya koni, hata kama hesi zake ni zilezile za unene wa milimita 12 kwa hatua (umbali wa mzunguko mmoja hadi mwingine) ya 1.5, itagusa rimu kwenye duara jembamba tu badala ya uso mzima.

Kuhusu zinki ya kuchovya, nasema hapana bila kusita. Beseni la zinki huwa na joto la kama nyuzi 450, joto linaloweza kuharibu ugumu ambao bolti ilipewa kiwandani, na tabaka linalobaki huwa la mikromita 50 au zaidi, ambalo litajaza hesi hadi bolti isiingie kwenye habu. Zinki ya umeme, inayopakwa kwa mkondo wa umeme, ni jambo jingine: tabaka lake ni la mikromita 5 hadi 12 hivi, hesi hulipokea, na kwa chumvi ya hapa ndiyo kinga ninayoipenda kuliko rangi, kwa sababu zinki huliwa kwanza na chuma kikabaki salama hata palipokwaruzwa. Lakini muulize mwenye karakana mambo mawili. Je, husafisha kwa asidi? Na baada ya kupaka, huoka? Asidi na umeme huingiza haidrojeni ndani ya chuma kigumu, na bolti ngumu iliyobeba haidrojeni inaweza kukatika ghafla ikiwa imekazwa, siku kadhaa baada ya kufungwa, bila dalili yoyote. Dawa yake ni kuioka kwenye nyuzi 200 hivi kwa saa kadhaa, mara tu inapotoka kwenye umeme. Asipokuelewa swali lako, ondoka na bolti zako ukazipulize rangi kama alivyosema Fundi.

MkaziWaRaskazone

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana kaka Fundi. Nitapuliza rangi vichwa, na shingo nitaiacha tupu. Nimebakiwa na maswali mawili. Katika kufunga, je, nipake grisi kidogo kwenye hesi ili chumvi isizishike? Na tairi la akiba, ambalo liko kwenye rimu ya chuma, nalo lipakwe bolti zake?

FundiNgamiani

Grisi usipake. Kipimo cha kukazia cha gari hilo, nyutoni mita 110, ni cha hesi kavu na safi. Ukitia grisi, msuguano hupungua, na kwa kipimo kilekile bolti itavutwa kupita kiasi. Anza kwa mkono, uhakikishe bolti inazunguka angalau mara saba kabla ya kugota, kisha kaza kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza) kwa mpangilio wa nyota, yaani ukiruka bolti moja kila mara. Tumia soketi ya 17 yenye kuta nyembamba, kwa sababu wili spana ya Toyota ni ya 21 na itakula pembe pamoja na rangi yako. Hata kwa soketi sahihi, rangi itakwanguka kidogo kwenye pembe kila utakapofungua, na hilo halina ujanja. Weka kikopo na brashi ndogo ndani ya buti. Ukishaenda Muheza na kurudi, pima tena mkazo wa kila bolti.

MzeeWaGofu

Marahaba mwanangu. Swali lako la tairi la akiba ni zito kuliko la rangi. Rimu ya aloi ni nene, kwa hiyo bolti zake ni ndefu kuliko za rimu ya chuma. Ukizifunga hizo ndefu kwenye rimu ya chuma gurudumu la nyuma, ncha zake zinaweza kutokeza nyuma ya habu na kugusa viatu vya handbreki, na ukizifunga fupi kwenye aloi zitashika hesi chache mno. Tafuta bolti tano fupi zenye shingo ya tufe, uzifunge ndani ya mfuko mmoja pamoja na jeki. Hizo usizipake rangi ya fedha hata kidogo. Paka vichwa vyake nyekundu, ili fundi atakayekusaidia usiku njiani kuelekea Segera aone kwa kurunzi kwamba si za rimu moja.