Naomba ushauri: mishumaa ya mapambo inadidimia katikati na moto wake unazama

Bi Asumini wa Tanga
Ndugu zangu, salaam. Ninatengeneza nyumbani mishumaa minene ya kupambia meza za harusi, kwa nta ya parafini ninayoiyeyusha na kuimimina katika vipande vya bomba la plastiki vyenye upana wa sentimita 7. Umbo na rangi vinapendeza, lakini kila mshumaa unapopoa huacha shimo kuuzunguka utambi, na ukiwashwa, moto huchimba kisima chembamba hadi ukazama katika nta iliyoyeyuka. Mteja mmoja anataka pia nitie maua makavu ndani, nami nasita kwa kuhofia ajali. Naomba mwenye ujuzi anielekeze kabla sijaipokea kazi hiyo.

Fundi Kalibu
Dada, parafini husinyaa inapoganda, na kwa kuwa ganda la nje hutangulia kuwa gumu, katikati panapoganda mwisho hupungukiwa nta. Kwa hiyo weka akiba ya nta. Uso ukianza kushika, toboa matundu machache kwa kijiti karibu na utambi ili hewa iliyonaswa itoke, kisha jazia nta yenye moto kidogo kuliko ile ya kwanza ili ishikamane vizuri. Usivuke kimo cha mmimino wa kwanza, kwani nta itapenya kati ya mshumaa na kalibu, yaani hilo bomba unalomiminia nta, na kuuharibu ubavu. Usiipeleke kalibu kwenye friji ili kuharakisha, maana mshumaa unaopozwa ghafla hupasuka. Na kwa kuwa unatumia bomba la plastiki, pima joto: bomba hilo huanza kulegea nta inapokaribia nyuzi 80.

Mrina wa Tabora
Moto unaozama, dada yangu, mara nyingi ni dalili ya utambi mwembamba kuliko upana wa mshumaa. Tengeneza mishumaa mitatu ya nta ileile na upana uleule, kila mmoja na unene wake wa utambi wa pamba uliosukwa, kisha iwashe pamoja mahali pasipo na upepo. Utambi unaofaa huyeyusha nta kufikia karibu na ukingo bila kuuvunja. Ulio mnene mno hutoa masizi na kuifanya nta ichuruzike. Utakapobadilisha nta, rudia jaribio. Nta ya nyuki, ambayo huku kwetu kwenye misitu ya miombo haikosekani, huyeyuka karibu na nyuzi 62 hadi 64 na huhitaji utambi mnene zaidi. Iyeyushe pamoja na maji, ichuje kwa kitambaa, iache igande juu ya maji, kisha ukwangue uchafu wa chini, kwa sababu takataka huziba utambi.

Mwalimu wa Sayansi Kimu
Kuhusu maua, nakusihi usikubali kuyaweka karibu na utambi. Ua kavu lililolowa nta huwaka kama utambi wa pili, na mshumaa unakuwa na ndimi mbili za moto mezani penye vitambaa na wageni. Hata yakipachikwa ubavuni yatafikiwa siku moja, iwapo mshumaa ni mwembamba. Mshawishi mteja ayapange maua mabichi kwenye sahani, mbali na moto, ilhali wewe unapamba mshumaa kwa rangi na michongo. Rangi za chakula hazifai kwa sababu ni za maji, na nta haichanganyiki nayo. Tafuta rangi inayoyeyuka katika mafuta.

Zaidi ya hayo, yeyusha nta katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji, kamwe usiiweke moja kwa moja juu ya jiko. Ikishika moto, zima jiko na uifunike kwa mfuniko. Ukimwagia maji, nta inayowaka itaruka na kusambaa.

Bi Asumini wa Tanga
Nimewaelewa na ninawashukuru sana. Mteja nitamweleza kuhusu maua. Je, jaribio la utambi lichukue muda gani?

Mrina wa Tabora
Washa kila mshumaa saa tatu au nne mfululizo, uuzime upoe kabisa, kisha uuwashe tena hadi uishe. Punguza utambi ubaki kama milimita 6 kabla ya kila kuwasha, ili matokeo yaweze kulinganishwa.